Mwendo wa Pole Ndiye Mama wa Kasi: Historia ya Mbio Ndefu kwa Mwanamke Anayeanza



Siku hizi bi harusi hashughuliki na singo na hina peke yake. Wengi mnajiandikisha mbio za kilomita 10 au 21. Mmoja anataka kupunguza mwili kabla ya harusi, mwengine anaikimbia sukari na presha iliyoingia kwenye ukoo, mwengine ni kwa raha yake tu. Swali linalorudi kila mara ni moja: nifanye nini niongeze kasi? Na nyuma ya swali hilo kuna kauli inayosemwa kwa sauti ya chini: "Labda mimi sikuumbiwa mbio. Dakika tano tu pumzi imekata na mbavu zinachoma."

Kauli hiyo ina historia yake. Wanawake wa dunia nzima waliwahi kuambiwa hivyo hivyo, na mlango ukafungwa kwa miaka 32. Swali la kasi nalo lina historia. Jawabu lake limetafutwa na watu wengi kwa miaka mingi, na silo lile ambalo anayeanza hulitarajia. Kwa ufupi ni hili: ukitaka kasi, kwanza jifunze kwenda pole. Tuipitie historia hiyo pamoja, ili siku pumzi itakapokatika usijihukumu mapema.

Mbio si jambo geni kwetu

Kabla ya kwenda mbali, tuanze nyumbani. Sote tunakijua kisa cha Bibi Hajar. Nabii Ibrahim (A.S) alimwacha yeye na mwanawe mchanga Ismail katika bonde kavu la Makka kwa amri ya Mwenyezi Mungu. Maji yalipokwisha na mtoto akawa anahangaika kwa kiu, mama alipanda Safa akatazama kama ataona mtu. Hakuona. Akateremka, na alipofika bondeni akainua pindo la nguo yake akakimbia mpaka akalivuka bonde, kisha akatembea hadi Marwa. Akafanya hivyo mara saba. Mpaka leo kila anayehiji, mwanamume na mwanamke, mfalme na maskini, anafuata hatua za mama huyo. Baina ya vilima viwili hivyo ni takriban mita 450, kwa hiyo safari saba zinapita kidogo kilomita 3.

Sitaki kuigeuza ibada kuwa somo la michezo. Bibi Hajar alikuwa katika dhiki ya mama, hakuwa mazoezini. Lakini tukitazame kitu kimoja: hakukimbia njia nzima. Alipanda kwa kutembea, akakimbia bondeni, akatembea tena. Ndivyo alivyoweza mara saba kwenye jua lile.

Na mama yetu Bibi Aisha (R.A) amesimulia kwamba alishindana mbio na Mtume (S.A.W) wakiwa safarini, akamshinda. Baadaye, alipokuwa ameongezeka mwili, wakashindana tena, na mara hii Mtume (S.A.W) akashinda, akamtania kwamba sasa wamelipana. Abu Dawud na wengineo wameipokea habari hii. Maharusi, mkiulizwa mbio na ndoa vinakutana wapi, jawabu lipo hapo: mume na mke, mchezo wa halali, na kicheko.

Kwa hiyo mwanamke kukimbia si jambo lililoletwa juzi na meli. Lililotokea juzi ni watu kusema kwamba hawezi.

Amsterdam, 1928

Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1928 huko Amsterdam ndiyo ya kwanza kuwa na riadha ya wanawake. Walipewa mashindano matano tu, na mbio ndefu kuliko zote zilikuwa za mita 800. Fainali ilikuwa na wanawake tisa. Mshindi alikuwa Mjerumani Lina Radke, aliyefundishwa na mumewe, Georg, na alimaliza kwa dakika 2 na sekunde 16.8, rekodi ya dunia. Wa pili alikuwa Kinue Hitomi wa Japani, ambaye hodari wake ulikuwa mbio fupi na kuruka. Aliingia mita 800 baada ya kukosa nafasi kwenye fainali ya mita 100.

Baada ya kumaliza, baadhi yao walilala majanini wakitweta. Wanaume nao hulala hivyo hivyo, na hakuna anayeshangaa. Lakini magazeti kadhaa yaliandika kwamba wanawake walianguka njiani na kushindwa kumaliza. Haikuwa kweli: wote tisa walifika mwisho. Hata hivyo habari ilikwisha enea, na waliotaka kuwazuia wakapata kisingizio. Mita 800 za wanawake zikaondolewa kwenye Olimpiki na hazikurudi mpaka Rome, mwaka 1960.

Tazama kosa la hukumu ile. Waliona wanawake wamechoka, wakasema maumbile yao hayawezi. Hawakuuliza wamejiandaa kwa muda gani, nani kawafundisha, na lini waliwahi kupewa nafasi ya kuzoea masafa yale. Ndilo kosa lile lile analolifanya dada wa leo anayetoka siku ya kwanza, akaondoka mbio kama anayefukuzwa na mbwa, akasimama baada ya mita 400 na kusema, "Mbio si zangu." Uchovu wa siku ya kwanza haukuelezi umbile lako. Unakueleza kwamba bado hujazoea, na kwamba umekwenda kasi ambayo mwili haujaijengea msingi.

Mtu wa kiwanda cha viatu

Msingi unajengwaje? Jawabu lilikuja kwa nguvu kutoka New Zealand. Arthur Lydiard, aliyezaliwa mwaka 1917, alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha viatu mjini Auckland. Hakuwa profesa wala daktari. Aliufanyia majaribio mwili wake mwenyewe kwa miaka, akikimbia masafa mafupi, masafa marefu, haraka na pole, akaona kipi kinamjenga na kipi kinamvunja. Alilolikuta ni kwamba mtu anayekimbia masafa mengi kwa mwendo anaoumudu hupata nguvu ambayo mbio za kasi peke yake haziwezi kumpa. Kasi huwekwa juu, mwishoni, kama darizi kwenye nguo ambayo imekwisha shonwa vizuri.

Watu walimwona kama mtu wa ajabu. Vijana wake, hata wale wa mita 800, aliwakimbiza kilomita 160 kwa wiki katika miezi ya kujenga msingi, pamoja na mzunguko wa vilima wa kilomita 35. Kisha ikaja Olimpiki ya Rome, 1960. Katika mchana mmoja, Peter Snell alishinda mita 800 na Murray Halberg akashinda mita 5,000. Wote wawili walikuwa vijana wa Lydiard, kutoka mji mmoja.

Baadaye Lydiard alilifanya jambo lililo muhimu zaidi kwetu sisi tusiotafuta medali. Aliwakusanya watu wazima wa Auckland, baadhi yao wagonjwa wa moyo, akawakimbiza pole kabisa. Sharti lake lilikuwa rahisi: kama huwezi kuzungumza na mwenzako huku unakimbia, umekwenda kasi mno. Mwaka 1962 kocha wa Kimarekani, Bill Bowerman, alikwenda kumtembelea, akaalikwa kukimbia na watu hao. Akaachwa nyuma na mzee wa zaidi ya miaka 70 aliyekwisha kuugua moyo. Bowerman alirudi kwao amejifunza, na mwaka 1967 akatoa kitabu pamoja na daktari wa moyo kuhusu mbio za pole. Kutoka hapo desturi hiyo ikaenea Marekani yote.

Sisi tuliosoma skuli za huku hatuhitaji kwenda New Zealand kulielewa sharti lile. Tunaujua mchakamchaka. Watoto wanakimbia asubuhi huku wakiimba, mmoja anaanzisha na wengine wanapokea. Huwezi kuimba ukiwa pumzi imekata, kwa hiyo wimbo wenyewe ndio unaoshika breki. Mwendo wa mchakamchaka ndio mwendo wa Lydiard.

Kwa nini unafanya kazi? Ukikimbia pole kwa muda mrefu, moyo huzoea kusukuma damu nyingi zaidi kwa kila pigo. Mishipa midogo kabisa ya damu huongezeka ndani ya misuli. Misuli nayo hujifunza kutumia hewa na mafuta ya mwilini vizuri zaidi. Baada ya wiki kadhaa, mwendo uliokuwa ukikukata pumzi unakuwa mwendo wa kuzungumza. Kasi imeongezeka, na hukuilazimisha. Kano na mifupa nayo inahitaji muda, tena mrefu kuliko mapafu. Hapo ndipo wengi huumia: pumzi imekwisha kuzoea, wakaongeza kasi, goti na ugoko ukakataa.

Mchezo wa kasi

Sasa, je, mtu asikimbie haraka kabisa? La. Pole ni msingi, na nyumba haiishii kwenye msingi. Katika miaka ya 1930 kocha wa Sweden, Gösta Holmér, alibuni zoezi linaloitwa fartlek, yaani mchezo wa kasi. Nchi yake ilikuwa ikishindwa mara kwa mara na jirani yao Ufini, iliyokuwa na mkimbiaji mkubwa Paavo Nurmi. Holmér aliwatoa wakimbiaji wake uwanjani, akawapeleka msituni. Wakimbie pole, kisha haraka mpaka kwenye mti ule, kisha pole mpaka pumzi irudi, kisha haraka tena. Saa haikuwa bwana wao. Mwili wenyewe uliwaambia lini waongeze na lini wapunguze.

Ujerumani wakati huo huo kocha Woldemar Gerschler alilipanga jambo hilo kwa vipimo: haraka kwa umbali maalumu, kisha mapumziko mafupi, kisha tena. Emil Zátopek wa Chekoslovakia, naye pia kijana wa kiwanda cha viatu, aliupeleka mtindo huo mbali kuliko yeyote, akirudia mita 400 mara nyingi mno kwa siku. Mwaka 1952 huko Helsinki alishinda mita 5,000, mita 10,000 na marathoni, ambayo ilikuwa marathoni yake ya kwanza maishani. Na siku ile ile aliyoshinda mita 5,000, mkewe Dana alishinda dhahabu ya kurusha mkuki. Wamezaliwa siku moja, na siku moja wameshinda.

Mabishano kati ya watu wa pole na watu wa kasi yaliendelea kwa miaka. Baadaye mtafiti Stephen Seiler alipochunguza jinsi wakimbiaji na wanamichezo wakubwa wa masafa marefu wanavyojizoeza, alikuta kwamba takriban mazoezi 80 katika kila 100 wanayafanya kwa mwendo mwepesi. Hao ndio wenye kasi kuliko wote duniani, na muda wao mwingi wanakwenda pole.

Mlango unafunguka

Turudi kwa wanawake. Mwaka 1966 Bobbi Gibb wa Marekani aliomba kushiriki marathoni ya Boston. Alijibiwa kwamba maumbile ya wanawake hayawezi masafa hayo. Lakini alikuwa amejizoeza miaka miwili, peke yake, akiongeza umbali kidogo kidogo, tena kwa viatu vya manesi kwa kuwa viatu vya mbio vya wanawake havikuwepo. Alijificha vichakani karibu na mstari wa kuanzia, akajiunga na wanaume, akamaliza kwa saa 3, dakika 21 na sekunde 40. Hiyo ni chini ya dakika 5 kwa kila kilomita, na wengi wa wanaume walikuwa nyuma yake. Mwaka uliofuata Kathrine Switzer alikimbia hapo hapo akiwa na namba rasmi, na msimamizi mmoja akajaribu kumtoa barabarani kwa nguvu. Boston iliwaruhusu wanawake rasmi mwaka 1972. Olimpiki ilichelewa zaidi: marathoni ya kwanza ya wanawake ilikuwa Los Angeles, 1984, akashinda Joan Benoit kwa saa 2, dakika 24 na sekunde 52.

Siku tatu tu baada ya ushindi huo, katika Olimpiki hiyo hiyo, Nawal El Moutawakel wa Morocco alishinda mita 400 za kuruka viunzi, akawa mwanamke wa kwanza wa Kiislamu kutoka Afrika kupata dhahabu ya Olimpiki. Hakuishia kwenye medali. Mwaka 1993 alianzisha Casablanca mbio za kilomita 10 za wanawake watupu, ambazo zimekuwa zikiwatoa nyumbani maelfu ya kina mama na mabinti. Mwaka 1994 Tegla Loroupe wa Kenya akawa Mwafrika wa kwanza mwanamke kushinda marathoni ya New York. Mwaka 2006 Ruqaya Al Ghasra wa Bahrain alishinda mita 200 za Michezo ya Asia huko Doha akiwa amejistiri kichwa mpaka miguu. Na mwaka 2023 Magdalena Shauri wa Tanzania alishika nafasi ya tatu Berlin kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41.

Mwaka huo huo wa 2023, Sifan Hassan alikimbia marathoni yake ya kwanza, London, mwezi Aprili. Yeye ni Mwislamu aliyezaliwa Ethiopia na kufika Uholanzi kama mkimbizi akiwa na miaka 15. Maandalizi yake ya mwisho yaliangukia Ramadhani. Katikati ya mbio nyonga ilimuuma, akasimama kujinyoosha huku wenzake wakimwacha. Hakuhamaki. Aliwafuata taratibu, kilomita baada ya kilomita, akawapata na kushinda kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 33. Mwaka 2024 huko Paris alishinda marathoni ya Olimpiki kwa tofauti ya sekunde 3, akapanda jukwaani kupokea dhahabu akiwa amevaa hijabu. Mwanamke yule yule aliyesimama London ndiye aliyekuwa na kasi iliyobaki mwishoni. Huo ndio ubora wa kujua kushika mwendo.

Tuchukue nini

Kwa anayeanza, historia hii inatupa mambo machache ya kushika.

Kwanza, tembea bila ya haya. Jeff Galloway, mkimbiaji wa Olimpiki ya 1972, alitumia miaka mingi kuwafundisha wanaoanza kuchanganya kukimbia na kutembea kwa mpango. Kimbia dakika 1, tembea dakika 2, rudia mara nane au kumi. Fanya siku tatu kwa wiki, kisha kidogo kidogo urefushe kukimbia na ufupishe kutembea.

Pili, pima kwa mdomo kabla ya saa. Kama huwezi kuzungumza sentensi nzima au kuleta dhikri kwa utulivu, punguza. Baada ya wiki sita au nane za msingi, chagua siku moja ya mchezo wa kasi: haraka mpaka mnazi ule, pole mpaka pumzi irudi, mara sita. Siku nyengine zibaki za pole. Maji yakitoka, mchanga mgumu wa pwani ni uwanja mzuri na laini kwa magoti.

Tatu, ujue hesabu yako. Kilomita moja kwa dakika 8 ni mwendo wa heshima kwa anayeanza, na kwa mwendo huo nusu marathoni unaimaliza kwa saa 2 na dakika 49. Siku ya mbio, kilomita za mwanzo ziende polepole kuliko unavyotamani. Watakupita wengi. Utawakuta mbele.

Nne, neno la fundi cherehani: nguo inaweza kukuibia kasi. Pamba nzito hunyonya jasho na kuganda miguuni, hatua zikafupika. Chukua kitambaa chepesi kinachopitisha hewa na kukauka upesi, kanzu fupi ya magotini yenye mpasuo wa pembeni juu ya suruali pana, na shungi la kuvaa moja kwa moja lisilotaka pini. Mishono ya ndani ya mapaja iwe bapa, vinginevyo itakuchubua.

Tano, na hili ni kwa bi harusi hasa: usijinyime chakula huku unakimbia ili ubane kwenye gauni. Mwili wenye njaa haujengi, unavunjika. Gauni hupunguzwa na fundi kwa nusu saa; goti au damu iliyopungua huchukua miezi. Mwenye mimba, presha, pumu au upungufu wa damu amwone daktari kwanza. Mwili ni amana.

Wale waliofunga mlango mwaka 1928 walitazama uchovu wa siku moja wakaufanya hukumu ya maisha. Usiwe hakimu wa namna hiyo juu ya nafsi yako. Jipe wiki nane za kwenda pole, kisha ndiyo useme kama umeumbiwa mbio au la.

Mwenyezi Mungu atupe afya ya kumuabudu na nguvu ya kuzilea familia zetu, awabariki maharusi wetu, na atupe subira katika kila mwendo. Amin.